Mazungumzo ya kikundi yakihifadhiwa na kuuzwa, wanakikundi wameridhia?

Mleta mada, Busia:
Ndugu zangu, tulijadili hili bila kuzunguka. Kwenye kikundi cha simu mtu anaandika asubuhi, "Mtoto kalazwa, nikopesheni," jioni anauliza bei ya kiboko, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, imefika ngapi. Anasema na watu anaowajua. Mtu akiyavuna yote hayo na kuyauzia kampuni, kwangu huo ni wizi. Kukuruhusu usikie si kukuruhusu uuze. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa, tena inasema kuuza taarifa binafsi ni kosa la jinai.

Mkulima, Masaka:
Mwanangu, umechanganya mambo. Shida ya mtoto ni siri ya mtu, sawa. Lakini tulivyoelekezana kung'oa na kuchoma mikahawa yenye mnyauko, hiyo ni elimu, na simu ikiibwa imekwenda nayo. Linus Torvalds alitangaza Linux, mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, Agosti 1991 kwenye Usenet, makundi ya zamani ya mijadala ya kompyuta. Hayo ya kale tunayasoma kwa sababu kuna waliohifadhi: Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto aliweka kwenye kanda ujumbe wa 1981 hadi 1991.

Mleta mada:
Mzee, aliyehifadhi simlaumu. Waandishi wa Usenet walizoea ujumbe ufutike kwenye seva, kompyuta zilizoutunza, baada ya siku au wiki chache. Kampuni ya Deja News ikaanza kuukusanya 1995. Asiyetaka ilimbidi aweke alama ya X-No-Archive, yaani "usihifadhi". Mwaka 2001 Google ikanunua hazina hiyo, ujumbe zaidi ya milioni 500. Kwa nini mwenye maneno ndiye ahangaike kukataa? Anayetaka kuuza ndiye aje kuomba!

Dada wa Kampala:
Na msituambie majina yatafutwa. Ukiandika "mwenye duka la pembejeo pale stendi, aliyefiwa na mume," mji mzima umeshamjua. Halafu admini akikubali, kakubali kwa niaba ya nani? Yeye kazi yake kuingiza na kutoa watu.

Mkulima, Masaka:
Hapo kwa admini umenishika, binti yangu. Ya ugonjwa na madeni yasiguswe kabisa. Ila ya kilimo bado nataka yahifadhiwe, wajukuu wayakute bure. Na wanakikundi wote wakiridhia yauzwe, pesa anagawiwa nani: aliyeuliza swali, au aliyelijibu?