Kuzunguka pwani ya Gujarat kwa gari na rafiki: tuendeshe wenyewe au tukodi dereva?

fundi_wa_Walukuba

Habari za humu wakubwa. Mimi ni fundi wa magari hapa Jinja. Nina rafiki Mhindi, tumekua mtaa mmoja, tumesoma shule moja, na mpaka leo magari yake nayatengeneza mimi, deni halimaliziki. Babu yake alitoka kijiji kimoja karibu na Porbandar, pwani ya jimbo la Gujarat, India. Ni upande ule ule walikotoka Nanji Kalidas Mehta wa Lugazi na Muljibhai Madhvani wa Kakira. Mwaka 1972 Amin alipowafukuza Wahindi familia ikaishia Uingereza, kisha baba yake akarudi Jinja miaka ya tisini. Rafiki yangu mwenyewe hajawahi kukanyaga huko. Kigujarati chake ni cha jikoni, kukisoma hawezi.

Sasa ameamua tuende Januari, sisi wawili tu. Ndege ya Entebbe hadi Mumbai, halafu tukodi gari Mumbai, tuendeshe wenyewe hadi Kutch tuone Mandvi wanakojenga majahazi, tushuke Dwarka, Porbandar, Somnath, Diu, Bhavnagar, turudi Mumbai. Tuna wiki moja na ushee. Yeye anasema barabara ni nzuri na wanapita kushoto kama sisi. Mimi barabara sina shida nayo, nina shida na hesabu ya siku.

Naomba aliyefika anieleze: muda unatosha? Tuendeshe wenyewe? Na swali ambalo yeye haliulizi kwa sababu halimhusu: mtu mweusi anapokelewaje kwenye miji midogo ya huko?

Mama wa Mashine

Mwanangu, mimi huenda Rajkot kununua pampu za maji na vipuri vya mashine za kusaga, kwa hiyo huo upande unaoutaja, unaoitwa Saurashtra, naujua kwa miguu. Nikujibu bila kukubembeleza: ramani yenu ni ya watu wenye mwezi mzima.

Mumbai hadi Dwarka kwa barabara ni zaidi ya kilomita 900. Mkiongeza Kutch mmejiua. Kwenye ramani Mandvi na Dwarka zinatazamana, lakini katikati kuna Ghuba ya Kutch, na gari halivuki. Mtazunguka zaidi ya kilomita 400 kutoka moja hadi nyingine. Majahazi ya Mandvi ni kweli yapo, wanayajenga kwa mbao ukingoni mwa mto Rukmavati, ni kitu cha kutazama. Yaacheni safari nyingine.

Fanyeni hivi. Pale Mumbai msichukue gari, chukueni treni ya usiku iitwayo Saurashtra Mail, inapita Rajkot na Jamnagar na Dwarka hadi Okha. Kateni tiketi mapema, daraja la AC lenye vitanda. Shukeni Rajkot, hapo ndipo mkodi gari na dereva wake. Wanahesabu kwa kilomita, na kuna kiwango cha chini cha kila siku, mara nyingi kilomita 250 au 300, hata kama mmekaa kutwa ufukweni. Juu yake kuna posho ya dereva ya usiku. Ulizeni yote hayo kabla, pamoja na ushuru wa barabara na maegesho, waandike kwenye karatasi. Tazameni namba ya gari: teksi halali ina kibao cha njano chenye maandishi meusi. Mtu akikuletea gari la kibao cheupe ni gari la nyumbani kwake, na bima likipata ajali ni ndoto.

Halafu njia yenyewe. Rajkot hadi Dwarka ni mwendo wa asubuhi tu. Dwarka laleni, hekalu la Dwarkadhish linaonekana kutoka mbali, simu zinabaki nje. Tangu Februari 2024 kuna daraja la Sudarshan Setu kutoka Okha hadi kisiwa cha Bet Dwarka, zamani ilikuwa mashua tu. Dwarka hadi Porbandar ni kama kilomita 100, barabara imenyooka mpaka dereva anasinzia, mpeni chai. Porbandar hadi Somnath ni kama 130, na hapo katikati, Madhavpur, bahari inakuja hadi kando ya lami. Simameni. Watu wanapita mbio wawahi Somnath na kipande kizuri kuliko vyote wanakiacha dirishani.

Porbandar nakushaurini mkae zaidi ya mnavyofikiri, kwa sababu ya huyo babu. Wewe wa Jinja umepita kwenye sanamu ya Gandhi pale chanzo cha Nile maisha yako yote. Nyumba aliyozaliwa, mwaka 1869, iko Porbandar, na jengo la kumbukumbu lililo ubavuni mwake, Kirti Mandir, lilijengwa kwa mchango wa Mehta huyo huyo wa Lugazi. Ukisema pale "natoka Uganda" mzee atakuletea kiti.

Kuhusu kijiji: jina la kijiji peke yake halitoshi, yako mengi yanayofanana. Rafiki yako aulize baba yake mambo matatu kabla hajafunga sanduku. Kijiji kiko taluka gani, yaani wilaya ndogo ipi, ukoo wao ni upi ndani ya jamii yao, na familia ilikuwa inaabudu mungu gani wa nyumbani, kwa sababu hekalu la ukoo huwa haliondoki hata watu wakiondoka. Wako watu wanaitwa Barot, kazi yao kwa urithi ni kutunza vitabu vya nasaba, majina yameandikwa baba kwa mtoto vizazi na vizazi. Akimpata Barot wa ukoo wao, atasomewa mpaka achoke. Abebe picha ya babu iliyochapishwa, si ya kwenye simu. Picha ya karatasi inazunguka mkono kwa mkono, wazee wanaigeuza nyuma, na hapo ndipo maneno yanaanza.

dereva_mstaafu_Malaba

Mama anazungumza vizuri lakini vijana wawili kukaa nyuma kama mabosi, hiyo si safari. Mimi nimepeleka trela Mombasa miaka mingi, usiku, mvua, Mariakani kwenye mizani foleni mpaka alfajiri. Usukani kulia, barabara kushoto, India na Uganda tofauti yake iko wapi? Chukueni leseni ya kimataifa, kodini gari, mjichunguze wenyewe. Fundi wa magari anaogopa nini?

Mama wa Mashine

Mzee wangu, shikamoo. Haogopi gari, namwogopesha vinavyokuja mbele ya gari. Barabara kuu ya pwani ni pana kweli. Ila huko kuna chombo kinaitwa chakda, mbele ni pikipiki kubwa, nyuma wamefunga tela la magurudumu mawili, wamepanda watu kumi na debe za maziwa, na taa ya nyuma hakina. Kuna nyati wa maziwa wanaotembea katikati ya lami kwa sababu lami ina joto. Kuna pikipiki zinazokuja upande wako zikitafuta kona ya karibu. Ukichanganya hayo na lori la miwa usiku, ni kama Kakira msimu wa kuvuna, tofauti ni kwamba Kakira ukigonga ng'ombe wa mtu unajua utaongea lugha gani.

Na mageti ya ushuru yanasoma kibandiko cha FASTag kwenye kioo. Gari lisilokuwa nacho linalipishwa zaidi. Dereva wa huko anayo yote hayo tayari. Anajua pia hoteli ipi inapokea wageni wa nje, maana kila hoteli inatakiwa kumwandikisha mgeni wa kigeni serikalini, na zile ndogo zinaona taabu, zinakwambia zimejaa huku funguo zinaning'inia ukutani. Pigeni simu kabla ya kufika, semeni wazi kwamba mna pasipoti ya Uganda.

Mzee, wewe ukienda endesha. Huyu ana wiki.

Mnubi_wa_Bombo

Kaka fundi, lile swali lako la mwisho nitalijibu mimi kwa sababu nilisoma chuo Rajkot.

Watakutazama. Sana. Watoto watakufuata, watu wazima wataomba kupiga picha na wewe, na wengine watapiga bila kuomba. Mara nyingi ni udadisi tu, ila si kila mara. Nimeshanyimwa chumba cha kupanga na mtu aliyekuwa amekubali kwenye simu kabla hajaniona. Kwa msafiri wa siku chache mambo ni mepesi, hasa ukiwa na rafiki anayeongea Kigujarati cha jikoni. Hicho cha jikoni ndicho hasa kinachohitajika. Yeye mwenyewe ajiandae: watamwuliza yeye habari zako kana kwamba wewe haupo. Mwambie mapema awe anasema, "Muulize mwenyewe."

Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Kutoka Somnath kuelekea Sasan Gir, kabla ya msitu, kuna kijiji kinaitwa Jambur. Watu wake wengi ni Siddi, wazee wao walitoka Afrika karne nyingi zilizopita, wengine kama watumwa, wengine kama askari na mabaharia. Sura ni zetu kabisa, lugha ni Kigujarati, dini ni Uislamu, na wana kaburi la mtakatifu wao, Nagarchi Pir, na ngoma wanazopiga kwa ajili yake. Mimi Mnubi, mababu zangu waliletwa Uganda na jeshi kutoka Sudan, najua kukaa nchi vizazi vingi na bado kuulizwa kwenu ni wapi. Nilikaa pale kwenye benchi la duka na mzee mmoja, akaniuliza Uganda kuna mvua, nikasema ipo, akasema hapa mwaka huu imechelewa. Tukaendelea hivyo hivyo mpaka jioni.

Nakuomba jambo moja. Usiende Jambur kutaka wakuchezee ngoma kama watalii wa hotelini wanavyofanyiwa. Nenda ununue chai.

fundi_wa_Walukuba

Asanteni sana. Mama, Kutch nimeifuta, rafiki yangu amenuna kidogo lakini nilipomwonyesha hiyo ghuba kwenye ramani akanyamaza. Kuhusu dereva bado anabishana, mzee wa Malaba amempa nguvu. Taluka baba yake anaijua. Ukoo anaujua. Kuhusu mungu wa nyumbani, akasema atampigia shangazi yake Leicester.

Yamebaki mawili. Simba wa Gir tuwaongeze au tukae Diu? Na chakula. Mimi bila samaki au nyama siku tatu naanza kuota.

Mnubi_wa_Bombo

Gir na maeneo yanayoizunguka ndiyo sehemu pekee duniani ambako simba wa Asia bado wako porini, hesabu ya 2025 ilikuwa 891. Januari mbuga iko wazi, inafungwa katikati ya Juni hadi katikati ya Oktoba. Vibali vya jipu vinakatwa mtandaoni kwa namba ya pasipoti, na vya Januari huisha mapema. Mkikosa, Devalia wana eneo lenye uzio mnaingia kwa basi. Lakini kaka, wewe ni Mganda, Murchison iko kwenu. Ningekuwa wewe asubuhi hiyo ningeipeleka Jambur.

Mama wa Mashine

Chakula cha Kathiawar, yaani hiyo hiyo Saurashtra, hakina nyama na usikidharau. Mkate wa uwele, bilinganya ya kuchoma iliyopondwa na kitunguu, siagi juu, maziwa ya mgando pembeni. Asubuhi ni gathiya, vitafunio vya unga wa dengu, na pilipili ya kukaanga. Veraval, jirani na Somnath, ni bandari kubwa ya uvuvi, utaona mashua zimebanana mpaka maji hayaonekani, ila mezani samaki hao hutawaona kwa urahisi. Vumilia hadi Diu, kama kilomita 90 mbele.

Diu walikuwa Wareno mpaka 1961. Ngome yao ya 1535 bado iko juu ya bahari, na ufukwe wa Nagoa una mikoche ya matawi mawili mawili ambayo wenyeji husema Wareno waliileta kutoka Afrika. Samaki wapo, bia ipo. Gujarat pombe ni marufuku tangu jimbo lilipoundwa 1960, Diu si sehemu ya Gujarat, ndiyo maana Jumamosi inajaa vijana wa Rajkot na Ahmedabad. Fikeni katikati ya wiki. Mkitoka kuna kituo cha polisi mpakani, wanafungua buti. Hata chupa moja ya zawadi msibebe.

Kutoka Diu hadi Bhavnagar ni kama 190. Karibu na Bhavnagar kuna Koliyak, hekalu la Shiva liko ndani ya bahari, maji yakipwa mnatembea kwa miguu hadi pale, yakijaa zinabaki bendera tu. Ninyi watu wa ziwa hamna habari ya maji kupwa na kujaa. Ghuba hiyo ya Khambhat maji hupanda zaidi ya mita 10 wakati wa bamvua. Walinzi wakisema rudini, rudini, msisubiri picha ya mwisho.

Bhavnagar mwageni dereva, mlipieni mafuta ya kurudi Rajkot mtupu, ndiyo desturi. Pale Ghogha kuna feri kubwa hadi Hazira, upande wa Surat, muda wa saa nne hivi, inafupisha safari ya barabara ya kilomita 370. Surat mnapanda treni, Mumbai mnafika jioni.

Na mwambie huyo rafiki yako anayebishana kuhusu usukani kwamba aanze na kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano iwe imefikisha siku 10 kabla ya kutua. Anayetoka Uganda bila kadi anaweza kuwekwa karantini, na hiyo wiki yenu yote mtaimalizia hapo.