Mchoro wa tembo wa Milanovic: nani hasa alinufaika na ukuaji wa uchumi wa dunia?

Mwanachuo: Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa andiko la darasani kuhusu utafiti wa Branko Milanovic, mchumi aliyesoma Belgrade na kufanya kazi miaka mingi katika idara ya utafiti ya Benki ya Dunia kabla ya kuhamia chuo kikuu huko New York. Mchoro aliouandaa pamoja na Christoph Lakner, unaoitwa wa tembo kwa kuwa mstari wake una umbo la tembo aliyeinua mkonga, unaonyesha kwamba kati ya 1988 na 2008 kipato halisi (baada ya kuondoa mfumuko wa bei) cha watu wa katikati ya mgawanyo wa kipato duniani kilipanda kwa takriban asilimia 70, ilhali wale waliowazidi kipato watu wanne kati ya kila watano hawakuongezewa karibu chochote, kisha asilimia 1 ya juu kabisa ikapaa. Mhadhiri wetu anauchukulia kuwa ushahidi kwamba utandawazi ulimnyang'anya mfanyakazi wa Marekani ukampa wa China. Je, mchoro unaweza kubeba hitimisho hilo?

Mtakwimu: Peke yake hauwezi, ndugu yangu. Kumbuka ulivyotengenezwa: takwimu za hojaji za kaya kutoka nchi nyingi zilikusanywa, watu wakapangwa kuanzia maskini hadi tajiri bila kujali uraia, wakagawanywa katika mafungu 20, na fungu la mwisho likapasuliwa ili asilimia 1 ya juu ionekane peke yake. Kinacholinganishwa ni nafasi katika foleni, si mtu aliyeishika. Wachina wengi waliokuwa chini mwaka 1988 walisogea juu, kwa hiyo fungu la chini la 2008 lina watu wengine, na sehemu ya Waafrika ndani yake imekuwa kubwa zaidi. Waandishi wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana walipiga pia hesabu ya pili inayofuatilia makundi yaleyale ya kila nchi. Mwaka 2016 taasisi ya Resolution Foundation ya Uingereza iliuchambua mchoro na kuonyesha kwamba bonde lile, yaani sehemu ya wale ambao hawakuongezewa karibu chochote, linatokana kwa sehemu kubwa na Japani, na nchi zilizokuwa za kisoshalisti ambazo vipato vyake viliporomoka baada ya Muungano wa Kisovyeti kuvunjika. Utandawazi una mkono wake humo, lakini sababu haisomwi kwenye mchoro. Inatafutwa kwa utafiti mwingine.

Mama Takwimu: Naongezea jambo ambalo wanafunzi hulisahau kila mwaka: zile ni asilimia. Mwenye dola 1,000 kwa mwaka akiongezewa asilimia 70 anapata dola 700. Mwenye dola 40,000 akiongezewa asilimia 5 tu anapata 2,000. Milanovic mwenyewe alikokotoa kwamba asilimia 44 ya nyongeza yote ya kipato duniani katika kipindi hicho iliangukia asilimia 5 ya watu matajiri zaidi. Kipimo cha Gini cha dunia (0 ni usawa kamili, 100 ni mtu mmoja kuchukua kipato chote) nacho kilishuka kutoka 72.2 hadi 70.5 tu, tena kwa msukumo mkubwa wa China.

Mwanachuo: Nashukuru sana, Mama. Basi upande wa sera tunashika lipi?

Mtakwimu: Mimi ningeuacha mchoro na kushika makala ya Milanovic ya 2015, inayoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za kipato kati ya watu duniani inaelezwa na nchi wanamoishi. Kutokana na hilo anatetea uhamiaji mpana zaidi, hata kama wahamiaji watapewa haki pungufu kuliko wenyeji, kwa hoja kwamba bila punguzo hilo wapiga kura wa nchi tajiri watafunga milango kabisa. Hesabu yake naikubali. Pendekezo lenyewe linanitia shaka, kwa kuwa anayefahamu utaratibu wa kafala katika nchi za Ghuba, unaofunga kibali cha mfanyakazi mgeni kwa mwajiri wake, anajua jinsi haki pungufu inavyoweza kumfanya mtumishi wa ndani ashindwe kumwacha mwajiri asiyemlipa mshahara, na hasara hiyo haionekani popote katika hojaji ya kipato.