Mjadala: Kratos alituharibu sisi watoto wa Goma?

Mwana Katindo (mwenye mada):

Jambo sana. Hapa Goma wazazi na wahubiri wakianza kuongea habari za vijana, neno moja halikosi: vyumba vya Play, vile vya kulipia kucheza gemu, vifungwe, kwa sababu mle ndani watoto wanafundishwa miungu ya kigeni. Gemu inayotajwa kwanza ni God of War. Mimi nilikulia kwenye benchi la chumba cha namna hiyo, na ninapinga.

Kwa asiyeijua: ilitoka 2005, kwenye PlayStation 2. Kratos, jemadari wa Sparta, yuko karibu kuuawa vitani, anamwita Ares, mungu wa vita wa Wagiriki wa kale. Ares anamwokoa, anamfunga mapanga mawili mikononi kwa minyororo ya moto, kisha anamzuga mpaka anaua mke na binti yake bila kujua. Ule weupe wa ngozi yake ni majivu yao. Athena, mungu wa kike, anamwahidi msamaha akimuua Ares. Anamuua. Halafu anaambiwa dhambi amesamehewa, ila ndoto mbaya atabaki nazo. Ni mtoto gani atatoka hapo akitaka kumwabudu Zeus, mkuu wa miungu hiyo? Sisi tulitoka tukiwa na hasira na Olimpo, mlima wao, nzima.

Na mwanzo wake tuliujua mno, maana chumba chetu hakikuwa na kadi ya kumbukumbu. Kila siku tulianza upya baharini, merikebu zinagongana katika dhoruba, Hydra, joka la vichwa vingi, anatoboa mbao kwa kichwa. Mmoja ameshika maneti, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe, kumi nyuma yake wanapiga kelele "mviringo! finya mviringo!", na grupu (jenereta) huko nje ikiishiwa mafuta, Hydra amepona. Kaka mmoja aliyejidai anajua Kiingereza alitutafsiria mazungumzo yote. Nilipokuja kuyaelewa mwenyewe ukubwani nikakuta nusu aliitunga, na kusema kweli kuna alivyotunga ambavyo vilikuwa vitamu kuliko vya wenyewe. Siku moja mwenye chumba aliacha mashine ikiwaka usiku kucha, ndipo tukafika jangwani, tukamwona jitu Kronos anatambaa na mlima mgongoni, hekalu la Pandora juu yake. Hatukushangaa sana. Wazee wetu husema roho za wafu zinakaa ndani ya Nyiragongo, volkano yetu, na 2002 tuliona moto wake ukipita katikati ya mji mpaka ziwani. Mlima wenye wenyewe si habari ngeni kwetu.

Tufunge au tuache? Semeni.

Mama Himbi:

Miye niko mama, sitazunguka. Ile gemu niliiangalia na macho yangu. Kuko fasi Kratos anakuta muntu amefungwa ndani ya kizimba, anamusukuma polepole mpaka kwa moto. Ule muntu analia, anaomba, anaungua, njo mlango unafunguka. Na kule mwanzo, ndani ya mashua, kuko banamuke bawili kwa kitanda, mutoto anafinya mabuto na benzake banacheka. Wazungu wenyewe waliandika kwa kifuniko miaka 17. Muko munaongea Zeus, Zeus. Zeus haniogopeshe. Mutoto wa miaka tisa anafinya mabuto ili muntu aungue, ile njo inaniogopesha.

Fundi Birere:

Natengeneza hizi mashine. Mkifunga vyumba mtafunga hewa. Chains of Olympus ya 2008 ilitengenezwa kwa PSP, leo watoto wanaicheza kwenye simu kwa PPSSPP, programu inayoiga PSP, chini ya shuka. Chumbani angalau mtu mzima alikuwa mlangoni.

Mwalimu wa Ndosho:

Katika Latin-Philo, mkondo wa Kilatini na falsafa wa sekondari, tunawafundisha wanafunzi habari za Jupita na Venasi, miungu ya Warumi, kwa chaki, kwa ruhusa ya leta (serikali), na sijaona mhubiri akija kufunga darasa. Kwa hiyo hoja ya miungu ya kigeni naiona nyepesi. Lakini mwenye mada anijibu: kwa nini mtoto ambaye babu yake ametoka Walikale anawajua Ares na Hades, na Mwindo, shujaa wa hadithi ya Wanyanga wa huko, hamjui?

Mwana Katindo:

Mama Himbi, kwa umri niko upande wako. Mlangoni paandikwe miaka, na mwenye chumba asiyefuata anyang'anywe ruhusa. Ila wanaopiga kelele hapa mjini hawasemi habari ya yule mtu wa kizimbani. Wanasema mashetani tu, na dawa yao ni kufuli.

Mwalimu, swali lako ndilo linaloniuma. Mwindo wa Wanyanga ana kila kitu. Baba yake, Shemwindo, mtemi wa Tubondo, alikataza wake zake wasizae mvulana. Mwindo anazaliwa anatembea, anaongea, na usinga wake mkononi. Baba anamrushia mikuki, inashindwa. Anamzika, anatoka kaburini. Anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni, ngoma inapanda mto kumtafuta shangazi yake Iyangura. Mzee Rureke aliisimulia hadithi yote mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, wakaitoa kama kitabu Marekani mwaka 1969. Nani hapa amekishika kitabu hicho mkononi? Ndiyo maana mtoto anakwenda kwa Kratos: Kratos yuko hapo kwenye kona, kwa franka kidogo.

Na mwisho wa hadithi zao uangalieni. Kratos naye anawindana na baba yake, kwa sababu tangu sehemu ya pili tunajua baba huyo ni Zeus. Katika God of War III ya 2010 anampiga ngumi mpaka kioo chote kinakuwa damu. Mwindo anamfuata baba yake mpaka kuzimu, anamkamata, anamrudisha nyumbani, baba anakiri mbele ya watu, wanagawana utemi.

Fundi Birere:

Wanagawana? Nani atalipa kucheza gemu ya kugawana?

Mwana Katindo:

Wewe ngoja. Kabla ya hapo wajomba zake wahunzi wanamvika chuma mwili mzima. Anamwita Nkuba, radi, aipige Tubondo, kijiji kizima kinakufa, naye baadaye anakifufua kwa usinga. Kuzimu kuna Muisa, ambaye mkanda wake unaruka wenyewe na kumwangusha Mwindo chini. Mwindo anamuua Muisa, anamfufua, halafu baba amekwishakimbilia mbele tena. Bosi wa namna hiyo Olimpo hakuna.

Na usiseme haiwezekani. Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, walitoa gemu ya Aurion mwaka 2016, ulimwengu wote umejengwa kwa mambo ya Afrika. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau, na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Kijana Zau anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba yake. Huyo naye baba!

Mama Himbi:

Ile ya Zau, iko miaka ngapi kwa kifuniko? Na inaingia kwa simu ao inaomba mashine?

Fundi Birere:

Inaomba mashine, Mama, na ya kisasa, PS2 haiwezi. Mwana Katindo, mimi programu najifunza kidogo kidogo. Kuchora sijui. Wewe unachora?