Nimekwama boksi la kwanza la pentatoniki, mlivukaje?

VidoleVizito
Wakuu, salaam. Nina mwaka na nusu na gitaa. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kawaida nazibana vizuri, hata ile F iliyonitesa miezi kadhaa sasa inaitika. Kinachonishinda ni solo. Pentatoniki (skeli ya noti tano) ya A maina naijua kwa boksi la kwanza, yaani umbo lake pale freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyogawa shingo ya gitaa): uzi wa sita (mnene) 5 na 8, wa tano, wa nne na wa tatu 5 na 7, wa pili na wa kwanza 5 na 8. Naipanda na kuishuka hata macho yakiwa yamefumba. Nikitoka hapo tu, nimepotea.

Nilibandika ukutani mchoro wa maboksi yote matano, nikakariri moja kila wiki. Lakini muziki ukianza vidole vinarudi freti ya 5 vyenyewe, kama ng'ombe wanaojua zizi lao. Nikijilazimisha kuhamia kwingine, kinachotoka ni mazoezi ya vidole, wala si muziki. Mliovuka hapa mlivukaje? Natanguliza shukrani.

NyuziSita
Bandua huo mchoro. Sitanii.

Ulichokariri ni picha tano, na skeli yenyewe ni noti tano tu: A, C, D, E, G. Basi. Chukua uzi wa kwanza peke yake. Ukiwa wazi (bila kubanwa) ni E, freti ya 3 ni G, ya 5 A, ya 8 C, ya 10 D, ya 12 E tena. Wiki nzima usiguse uzi mwingine. Weka kodi ya A maina ijirudie nyuma yako, kisha tunga vijisentensi hapo hapo kwenye uzi mmoja. Mwanzoni utachoka na utajiona mjinga, lakini uzi mmoja hauna boksi, kwa hiyo huna pa kujificha. Sikio litaanza kujua noti ipi inafuata kabla ya kidole.

BiSolo
Mkuu NyuziSita, kwenye kubandua mchoro sikuungi mkono. Mimi nilijifunza kwa maboksi na sijutii. Tatizo la mleta mada ni kwamba ndani ya kila boksi hajui A iko wapi. Ukimwamsha usiku atakuonyesha boksi la tatu, ila muulize nyumbani ni wapi humo ndani, atabaki anakutazama.

Anza na uzi wa sita freti ya 5, hiyo ni A. Ruka uzi mmoja, sogea freti mbili mbele: uzi wa nne freti ya 7, A tena. Ruka tena uzi mmoja, safari hii sogea freti tatu: uzi wa pili freti ya 10. Kutoka uzi wa tano ni vivyo hivyo: freti ya 12, kisha uzi wa tatu freti ya 14, kisha uzi wa kwanza freti ya 17.

Kwa nini mara mbili, mara tatu? Nyuzi jirani zimepishana nusu toni tano (nusu toni ni hatua ya freti moja), isipokuwa wa tatu (G) na wa pili (B), hizo zimepishana nne. Ndiyo maana kila boksi linaonekana limevunjika kiuno pale pale, kwenye uzi wa pili.

MbezishiBesi
Dada, miaka yote hii nilidhani mchoraji alikosea 😅

Freti12
Wote mko sahihi, ila mnamwacha akitembea kwenye korido moja moja. Boksi ni chumba. Anachotafuta ni mlango.

Jaribu njia ya mshazari. Uzi wa sita: 3, 5. Uzi wa tano: 3, 5, 7. Uzi wa nne: 5, 7. Uzi wa tatu: 5, 7, 9. Uzi wa pili: 8, 10. Uzi wa kwanza: 8, 10, 12. Noti mbili, tatu, mbili, tatu, mbili, tatu. Kila jozi ya nyuzi ni G, A kisha C, D, E, umbo lile lile, na ukimaliza umekata karibu oktava tatu (oktava ni kutoka noti hadi noti ya jina lile lile juu yake) kutoka freti ya 3 hadi ya 12 bila kukariri kitu kipya.

Sasa usiipande kama ngazi, maana utarudi kwenye mazoezi yale yale uliyoyakimbia. Tunga kasentensi kamoja: A, C, D, C. Kapige chini kabisa, uzi wa sita 5, uzi wa tano 3, 5, 3. Halafu katikati, uzi wa nne 7, uzi wa tatu 5, 7, 5. Halafu juu, uzi wa pili 10, uzi wa kwanza 8, 10, 8. Vidole havijui tofauti. Kaimbe kwanza kwa mdomo, sauti mbaya haihusiki.

VidoleVizito
Asanteni sana. Swali la pembeni: nasikia hii ndiyo pentatoniki ya C meja pia. Inakuwaje?

BiSolo
Noti ni zile zile, kinachohama ni nyumbani. Weka kodi ya C nyuma, umalizie sentensi yako kwenye C, utasikia imetua. Ukiimalizia kwenye A inabaki inaning'inia. Geuza kodi iwe A maina, na mambo yanageuka. Lijaribu, kwa kulisoma tu hutalielewa.

VidoleVizito
Wiki mbili baadaye, narudi na ripoti. Uzi mmoja niliuvumilia siku nne (samahani mkuu NyuziSita). Mshazari ndio umeniokoa: jana nilipiga sentensi moja sehemu tatu na kwa mara ya kwanza ikasikika kama mtu anaongea na kujijibu. Mchoro sijaubandua, ila nimezungushia kila A kalamu nyekundu.

Kupanda sasa kunatiririka. Kushuka ndiko kunanikwamisha, kila mara mkono unafika mahali vidole vimeisha.

Freti12
Bila shaka unatelezesha kidole kile kile kwenda na kurudi. Kupanda, kinachoteleza ni kidole cha pete: uzi wa tano, kutoka 5 kwenda 7. Kushuka, mwachie cha shahada: uzi wa kwanza piga 12 kwa cha pete, 10 kwa cha shahada, kisha hicho cha shahada kiteleze hadi 8. Uzi wa pili 10, 8. Uzi wa tatu 9, 7, teleza hadi 5. Endelea hivyo hadi chini. Na pale kwenye kiuno alichokitaja BiSolo, mkono mzima usogee freti moja, usinyooshe kidole.

VidoleVizito
Kumbe ni hicho tu! Ngoja nikachukue gitaa.