TASAF: mpokeaji amefariki, malipo yamekata, watoto wengine wako kambini. Pa kuanzia ni wapi?

Bwisya_Juu

Habari za leo wakuu. Naomba majibu ya wanaoijua TASAF, ule mfuko wa ruzuku kwa kaya maskini, kwa utendaji, hasa huku visiwani.

Kaya iko Ukara, Halmashauri ya Wilaya ya Ukerewe. Mpokeaji alikuwa bibi mzaa mama mwenye wajukuu wanne: mmoja kidato cha pili, wawili shule ya msingi, na mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Mama wa watoto alishatangulia. Bibi naye amefariki, na tangu afariki madirisha mawili (yaani awamu mbili) ya malipo yamepita bila shilingi kuingia. Hela ilikuwa inakuja kwenye simu yake. Baba wa watoto ni mvuvi wa dagaa na hakuwahi kuandikwa kwenye kaya hiyo. Wale wawili wa msingi anawachukua kwenye kambi ya uvuvi upande wa Muleba, mbalamwezi ikianza anawarudisha. Mama yao mdogo yuko Igoma, mjini Mwanza, na anataka kuwalea.

Je, kaya imeshafutwa? Nani anaruhusiwa kuwa mpokeaji? Na hela za madirisha mawili zimekwenda wapi? Kijijini yanasemwa mengi, kwamba mtendaji kakata jina, na kwamba kaya inadai 38,000 kwa kila mwezi.

---

Mwezeshaji_wa_Zamani

Pole kwa msiba, mkuu.

Hiyo 38,000 iwekeni pembeni kwanza, maana ukiingia nayo ofisini mtaanza kubishana hesabu na jambo lenyewe litalala. Ilikuwa kiwango cha juu kabisa kwa mwezi katika kipindi cha kwanza cha mpango. Wakati ule kaya ilipewa 10,000 ya msingi, 4,000 kwa kuwa na mtoto, 4,000 ya afya kwa wenye watoto chini ya miaka mitano, 2,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi na 4,000 kwa kila wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Kaya yako, hata kwa viwango hivyo, ingepata 26,000. Kipindi cha pili kilichozinduliwa Februari 2020 kilikuja na viwango vyake, na malipo yakapangwa kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo hela ya dirisha moja ni ya miezi miwili. Mwombe mratibu wa TASAF wa halmashauri akuonyeshe mchanganuo wa kaya hiyo kwenye mfumo. Huo ndio wa kubishana nao, siyo ule wa WhatsApp.

Mtendaji wa kijiji hana mamlaka ya kukata jina peke yake. Kaya iliingia kwa kutajwa kwenye mkutano wa hadhara, ikapimwa kwa dodoso la hali ya maisha, majina yakarudishwa mkutanoni kuthibitishwa. Kutoka nako kuna utaratibu wake. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba hakuna aliyekata kitu: simu ya marehemu imezimwa, fedha imegonga na kurudi, halmashauri inaona "malipo hayajafanikiwa" bila kujua kwamba mpokeaji amezikwa. Kifo hakijifikishi chenyewe ofisini, lazima kiandikwe.

Mlengwa ni kaya, siyo bibi. Bibi alikuwa mpokeaji tu. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kubadili mpokeaji, na njia ni hii: taarifa ya kifo inapelekwa kwa mtendaji na Kamati ya Usimamizi ya Jamii, fomu ya mabadiliko ya taarifa za kaya inajazwa, anatajwa mpokeaji mpya, muhtasari unagongwa mhuri, kisha karatasi zote zinakwenda kwa mratibu Nansio, makao makuu ya wilaya, ili zibadilishwe kwenye mfumo. Ambatisha kitambulisho cha mlengwa cha bibi, cheti cha kifo, na kitambulisho cha taifa (NIDA) cha mpokeaji mpya au namba yake. Kama bibi alifia nyumbani na cheti bado hakijatoka, anzeni na barua ya mtendaji huku mkifuatilia cheti. Msisubiri vyote vikamilike.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya kutoka nyumbani: kitafute hicho kitambulisho cha mlengwa. Kwa kawaida huwa na jina la mpokeaji mkuu na la msaidizi. Kama msaidizi ni mtu mzima wa kaya ile na yupo, nusu ya kazi imekwisha.

Fedha za nyuma hazijaliwa na simu. Malipo yasiyofika hurudi, na hufuatiliwa taarifa zikisharekebishwa. Lakini hayaji kwa kukumbukwa. Kwenye barua yenu andikeni mstari mmoja unaotaja madirisha yaliyokosekana, kwa majina ya miezi.

---

Kidato_na_Mtaa

Naongezea kwenye laini ya simu, hapo ndipo wengi wanakwama mara ya pili baada ya kudhani wamemaliza.

Jina la mpokeaji mpya lifanane sehemu tatu: daftari la TASAF, NIDA, na usajili wa laini. Kanda hii majina yanaandikwa kila mtu na sikio lake. Ng'washi akiandikwa kijijini "Mwashi", NIDA "Ng'washi", na wakala wa laini akaacha ile alama akaandika "Ngwashi", hao kwa mfumo ni watu watatu. Malipo yanagonga. Kwa hiyo fomu ya mabadiliko ijazwe kwa kunakili kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi, siyo kwa kumuuliza mtu anaitwa nani.

Laini iwe imesajiliwa kwa alama za vidole vya mpokeaji mwenyewe. Laini ya mwanawe, ya jirani au ya wakala "kwa muda tu" haifai. Uthibitisho wake ni rahisi: mtu atume 500 kwenye namba hiyo na asome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Hilo jina ndilo la kulinganisha na fomu.

Halafu laini iwe hai. Hela inayokuja kila miezi miwili, ikichelewa kidogo, inakuta laini imekaa kimya muda mrefu na mtandao umeifunga. Kuna mabibi wanaitoa laini kwenye simu na kuifunga kwenye kona ya kanga ili isipotee, wakidhani wanaitunza. Iwekwe vocha ndogo na ipige simu mara moja moja.

Na laini ya marehemu msiendelee kuitumia kutolea hela hata kama namba ya siri mnaijua. Siku taarifa ya kifo ikiingia mfumoni na ikaonekana hela ilitolewa baada ya tarehe hiyo, mjadala utageuka na nyinyi ndio mtakaojieleza.

---

Kadi_ya_Kliniki

Wakuu mmeliruka la kambini, na kwa kaya hii ndilo litakalopunguza hela hata mpokeaji akishabadilishwa.

Ruzuku ina sehemu inayofungwa na masharti. Mwanafunzi anatakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Mwezi wenye siku 20 za shule, hizo ni siku 16. Akikosa ya tano ameshavunja sharti. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na giza la mwezi mmoja linazidi wiki mbili. Mtoto akikaa kambini giza lote, hata akirudi na kuhudhuria kila siku ya mbalamwezi, hafiki 80. Hakuna namna ya kulizunguka hilo. Mwalimu anajaza alichokiona kwenye daftari lake la mahudhurio, na akijaza uongo, ukaguzi ukija anaumia yeye.

Mtoto mdogo: chini ya miezi 24 ni kliniki kila mwezi. Huyu wa mwaka na nusu bado yuko humo. Akifikisha miaka miwili inakuwa mara moja kila miezi sita mpaka atimize mitano. Watu wa mialoni, huko kambi za uvuvi, huwa wanawapeleka watoto kupima, tatizo ni wapi. Fomu ya masharti ya kaya ya Ukara inakwenda kwenye kituo cha Ukara. Mtoto akipimwa zahanati ya upande wa Muleba, muuguzi wa kule hana hiyo fomu na wala hana sababu ya kuijua. Huku Ukara anaonekana hajaja. Kumbe kadi yake ina alama ya uzito ya mwezi huo huo, tarehe na sahihi.

Dawa yake ni kuipeleka kadi kwenye kituo cha nyumbani kabla fomu hazijakusanywa, ili muuguzi aione na kuandika. Fomu zikishakwenda Nansio na kuingizwa, unachokiona ni makato ya dirisha linalofuata, na kuyarudisha ni malalamiko ya maandishi. Mkuu, mtu wa kuuliza tarehe ya kukusanya fomu ni mjumbe wa kamati ya kijiji, siyo muuguzi. Muuguzi anaambiwa siku ile ile.

Jingine dogo: je, huyu mdogo ameandikwa kwenye kaya? Watoto wanaozaliwa baada ya uandikishaji hawaingii wenyewe. Akiwa hana cheti cha kuzaliwa, watoto chini ya miaka mitano katika mkoa wa Mwanza wanasajiliwa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, mkoa umo kwenye utaratibu huo tangu 2014. Fomu ya mabadiliko ikijazwa kwa ajili ya bibi, mwandikeni na yeye humo humo.

---

Bwisya_Juu

Shukrani sana wakuu. Kitambulisho kimepatikana. Msaidizi aliyeandikwa ni mama wa watoto, ambaye naye ni marehemu. Mdogo hayumo kwenye orodha. Sasa mama mdogo anaweza kuandikwa mpokeaji akiwa Igoma? Wazo lake ni kuwahamishia watoto huko, hela iendelee kumfuata kwa simu. Kwa simu si popote tu?

---

Mwezeshaji_wa_Zamani

Simu ni popote, kaya siyo popote. Kaya hii ipo kwenye orodha ya kijiji chake huko Ukara, Halmashauri ya Ukerewe. Igoma ni Jiji la Mwanza, halmashauri nyingine na mratibu mwingine. Watoto wakisoma Igoma na kupimwa Igoma huku fomu zao zikijazwa Ukara, masharti yatasomeka hayajatimizwa dirisha la kwanza, la pili, na mwisho wake kaya itaonekana haipo. Atakayeuliza kijijini ataambiwa kweli: nyumba imefungwa.

Ana njia mbili. Akija kuishi na watoto Ukara, ataingizwa kama mwanakaya mtu mzima na kuwa mpokeaji, hapo ni fomu ile ile. Akiwachukua, atoe taarifa ya kuhama kabla ya kuhama. Barua itoke kijijini, ipite kwa mratibu wa Ukerewe, iende kwa wa Jiji. Ajue pia kwamba Igoma wataangalia kaya yake yeye: ana nani, anaishi vipi, yumo kwenye mpango au hayumo. Kwa maoni yangu asiukimbilie uhamisho katikati ya dirisha. Mpokeaji abadilishwe kwanza, malipo ya nyuma yafuatiliwe yangali kwenye kijiji yanapojulikana, kisha ahame na watoto shule zikifungwa.

---

Ustawi_Kata

Kabla ya fomu ya TASAF kuna swali ambalo mtendaji mwangalifu atawauliza: watoto ni wa nani kwa sasa? Baba yupo hai. Mama mdogo akijiandika mpokeaji, kisha baba akaja na mashua kudai "hela ya wanangu", kamati itasimamisha kila kitu.

Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii, wa kata kama yupo, la sivyo wa halmashauri. Baba na mama mdogo wafike wote wawili, na mwenyekiti wa kitongoji. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaangalia maslahi ya mtoto, siyo nani wa kwanza kufika. Makubaliano yaandikwe: nani anakaa na watoto, nani analipia nini, watoto wa msingi wanaacha kwenda kambini au la. Nakala moja iambatishwe kwenye fomu ya mabadiliko. Na baba akitaka kuwa mpokeaji yeye, aulizwe tu atakuwa wapi siku ya kliniki.

Huduma hii hailipiwi. Wala fomu ya TASAF hailipiwi. Mtu akiwaambia kuna "hela ya kufungua faili" au "mafuta ya kivuko ya afisa", mwombeni aandike risiti.

Matibabu ya watoto yasisubiri haya. Mdogo, akiwa chini ya miaka mitano, anatibiwa bila malipo kwenye kituo cha serikali iwe kaya iko TASAF au haiko. Wakubwa ndio wenye shida. Ruzuku ikirudi, ulizeni bima ya afya: CHF iliyoboreshwa, ile bima ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na nyinyi mkiwa na mama mdogo ni watano.

---

Kidato_na_Mtaa

Kwa kuwa msaidizi naye ni marehemu, msiache nafasi hiyo wazi tena. Huyu wa kidato cha pili hawezi, ni mtoto. Mtafuteni mtu mzima wa ukoo anayekaa hapo kijijini.

Na ukivuka ziwa hadi Bugorora kwenda Nansio, beba nakala mbili za kila karatasi. Moja inabaki kwa mratibu, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unarudi nayo. Usiiache halisi ya kitambulisho cha mlengwa mezani kwa mtu.

---

Bwisya_Juu

Nimepata pa kuanzia. Swali moja la mwisho: nianze na ustawi au na mtendaji?

---

Ustawi_Kata

Siku moja hiyo hiyo. Asubuhi mtendaji akupe barua ya kifo, maana na afisa ustawi ataihitaji. Baba aitwe wakati wa mbalamwezi, giza likiingia humpati.