Waliojenga Kivule, Majohe na Chanika: njia zenu za mtaani zilipatikanaje? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Fremu Kumi
Habari za jioni, ndugu zangu. Leo nimekuta msingi umechimbwa katikati ya njia tunayopita kwenda kituo cha daladala, na kamba ya fundi imefungwa kwenye mnyaa ambao tangu tuhamie huku Kivule, pembezoni mwa Dar es Salaam, ndio uliokuwa mpaka wa njia hiyo. Mwenye kiwanja ana hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na ndani yake imeandikwa hatua ishirini kwa ishirini bila neno lolote kuhusu njia. Naamini wengi wenu mmeyapitia haya. Njia zenu zilipatikanaje, na zilizozibwa zilizibwaje?

Mama wa Majohe
Umenikumbusha mbali. Kwetu lilikuwa linapita lori la mchanga; leo bodaboda mbili hazipishani.

Fundi wa Kitunda
Mimi ni fundi ujenzi, na nyumba nyingi za ukanda huu, kuanzia Banana mpaka Msongola, nimeziona zikiinuka. Mgogoro huanza siku ya kuuza. Mwenye shamba anakata eka yake vipande, dalali anapima kwa miguu yake mwenyewe, mashahidi wanatia sahihi, serikali ya mtaa inapokea asilimia kumi yake, na njia inabaki kuwa maneno ya mdomo. Anayejenga kwanza anaona nafasi ni tele, kwa hiyo anasogeza ukuta kidogo. Wa pili naye anasogeza wake kutoka upande wa pili. Anapofika wa tano, boza la maji haliingii tena, na yeye ndiye anayenunua maji ya madumu ya mkokoteni kwa bei kubwa kuliko sisi sote. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Sehemu kubwa ya walioongezeka wamekuja huku pembezoni, na wanaendelea kuja.

Kijana wa Bombambili
Sikukusudia kuandika, lakini neno "ukuta" limeniamsha.

Ilikuwa masika, usiku wa manane, mvua ikinyesha tangu magharibi. Mama alianguka akitoka msalani, na tulipomwinua mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia haunyanyuki. Nilimpigia dereva wa bajaji tunayemwamini, akaja bila kusita, lakini akakwama mbali na nyumba kwa sababu jirani yetu alikuwa ameanza kujenga ukuta juu ya njia wiki ile ile, na upenyo uliobaki alikuwa ameujaza kokoto. Njia nyingine ilikuwa ya bondeni, na bondeni maji yalikuwa yanavuma kiasi kwamba tuliyasikia tukiwa ndani.

Tuling'oa mlango wa chumba cha uani, tukamlaza mama juu yake, tukamfunga kwa khanga zake mbili, moja kifuani na moja magotini, ili asiteleze. Kaka yangu akapanda juu ya matofali mabichi. Tulipokuwa tunauinua mlango, mwenye ukuta akatoka na tochi, akiwa amevaa msuli tu, na bila kuulizwa neno akaingia kwenye tope akashika upande wa miguu. Tulimpitisha mama juu ya ukuta wake, tukapita uani kwake, tukamfikisha kwenye bajaji. Tofali za juu zilianguka zote. Tulimfikisha hospitali kukiwa kumekaribia kupambazuka, na daktari alisema kwa ugonjwa ule kila saa inayopotea ina gharama yake.

Mama wa Majohe
Pole sana, mwanangu. Mama anaendeleaje?

Kijana wa Bombambili
Yu hai, tunamshukuru Mungu. Anatembea kwa mkongojo, na anakula kwa mkono wa kushoto.

Mkazi wa Viwege
Na ukuta je? Ulivunjwa?

Kijana wa Bombambili
Aliuvunja mwenyewe. Akajenga upya nyuma zaidi, na gari dogo linapita.

Mwenye Ukuta
Mimi siye yule jirani wa kijana, ila nampa pole kwa dhati. Hata hivyo, naomba upande wetu nao usikilizwe. Mimi nimelipia kila hatua ya kiwanja changu kwa akiba ya miaka mingi. Nikitoa mita mbili, nani anafidia? Mbona wa upande wa pili hatakiwi kutoa?

Fundi wa Kitunda
Anatakiwa. Kila upande utoe nusu. Na kiwanja kisichofikika na gari thamani yake hushuka, kwa hiyo mita hizo hazipotei.

Mjukuu wa Mwenye Shamba
Nawasoma tangu mwanzo, na inaniuma kuona lawama zote zinaishia kwa muuzaji. Sisi ni Wazaramo wa huku huku. Babu alipanda mikorosho na miembe, na kulikuwa na njia pana ya kwenda kisimani ambayo hakuna mtu aliyethubutu kuilima. Tulipouza tulionyesha njia ile mbele ya mjumbe. Waliohamisha minyaa usiku si sisi.

Mkazi wa Viwege
Lakini kuna waliouza mpaka njia ya kisimani, mjukuu. Tunawafahamu.

Mjukuu wa Mwenye Shamba
Wapo, na waliwaumiza ndugu zao pia.

Mama wa Majohe
Ushauri wangu kwa mleta mada ni kuiacha njia hiyo, mpitie bondeni kando ya mto. Huko hakuna mwenye kujenga.

Msimamizi wa Mirathi
Dada, usimshauri hivyo. Kingo zetu zinaliwa na maji kila masika, na wachimba mchanga wanaupanua mto. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo hata mkijenga kivuko hapo hamtakuwa na pa kusimamia.

Mkazi wa Buyuni
Mimi nilinunua eneo lililopimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Barabara ziko kwenye ramani, na hakuna anayegombana na jirani. Anayetaka amani anunue kilichopimwa.

Fundi wa Kitunda
Ni kweli, ila wengi huku tulinunua kile tulichokimudu.

Mkazi wa Fremu Kumi
Nawashukuru nyote. Nimemsomea jirani yangu simulizi ya kijana wa Bombambili, naye amekubali kusimamisha kazi mpaka tukae na mjumbe. Je, kuna mwenye makubaliano ya njia yaliyoandikwa, tuige?

Msimamizi wa Mirathi
Yetu yapo. Yanataja upana wa mita nne, majina ya wote wanaopakana na njia, na nguzo za zege mwanzoni na mwishoni, kwa sababu mnyaa huhamishwa kirahisi. Mume na mke wote watie sahihi. Andikeni pia kwamba atakayeuza kiwanja ataambatanisha nakala kwenye hati ya mauziano. Kwetu kipengele hicho hakikuwemo, na mgogoro ulirudi siku alipokuja mnunuzi mpya.