Eosinofili (chembe nyeupe za damu zinazopanda kwa minyoo) 28%, choo hasi mara mbili, mkono unavimba na kushuka: tupime nini?

Labo_Himbi (Goma)
Salamu wenzangu. Mfanyabiashara amerudi kutoka kusini mwa Kamerun, alikaa miezi minane. Homa hana, GE (tone nene la damu la kutafuta malaria) hasi. Mkono unavimba, unawasha, siku ya tatu umeshuka. Daktari anataka ampe ivermektini (dawa ya minyoo) leo, eti kusafisha yote. Kuna kipimo cha kutangulia?

Biolo_Kadutu (Bukavu)
Ndugu, hiyo ivermektini ingoje. Uvimbe unaohamahama kwa mtu aliyetoka misitu ya Kamerun: tafuteni Loa loa, mnyoo unaotembea chini ya ngozi. GE mliichukua saa ngapi? Mikrofilaria zake (watoto wa mnyoo) hutembea kwenye damu mchana, kama nzi anayemwambukiza anavyouma mchana. Chukua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mikrolita 50 kwa pipeti, si tone la kukisia. Kioo kikauke kikiwa kimelazwa, usiku kucha, kimefunikwa; nzi wa kawaida wanalamba damu. Asubuhi kitie kwenye maji mpaka wekundu utoke, ndipo methanoli, kisha rangi ya Giemsa. Ukianza na methanoli, wekundu unagandia hapo hapo. Na usisome kama malaria! Lenzi ya 10, kioo kizima, kingo kwa kingo.

Kamalondo_bio (Lubumbashi)
Naongezea: idadi ya mikrofilaria kwenye kioo mara 20 ndiyo kwa mililita. Zikipita 30,000 (yaani 1,500 kwenye kioo), ivermektini inaweza kumlaza mgonjwa koma. Hata kuanzia 8,000 hatari ipo. Msichanganye na mikrofilaria za mnyoo mwingine, Mansonella perstans, ambazo ni ndogo na hazina ala (gamba jembamba la nje); tatizo ni kwamba ala ya Loa haishiki vizuri Giemsa, kwa hiyo angalieni mkia: viini vya seli za Loa vinafika hadi nchani, na mkia umechongoka. Wa perstans ni butu.
Kioo hasi hakiondoi Loa. Wengi wana mnyoo bila mikrofilaria damuni. Mwulizeni kama aliwahi kuona kitu kikipita juu ya jicho.

Biolo_Kadutu
Na choo hasi mara mbili hakitoshi kwa Strongyloides, mnyoo wa utumbo. Mabuu yake hayatoki kila siku. Gramu 10 za choo kibichi kwenye chachi, juu ya faneli yenye maji ya vuguvugu, kwa muda wa saa mbili au zaidi, kisha chukua maji ya chini kabisa.

Labo_Himbi
Asanteni, dawa imesimama. Choo cha jana kiko friji, kinafaa?

Biolo_Kadutu
Hapana. Baridi inalegeza mabuu, hayatashuka. Aleteni cha leo.